Gitaa la Baba Mkubwa Lapanda SGR

Ukikata tiketi ya treni ya SGR unaulizwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), jina lako na namba ya simu. Unachobeba huulizwi mpaka ufike kwenye mashine ya ukaguzi, stesheni kuu ya Dar es Salaam, huku nyuma yako watu wamejipanga na kila mmoja anatazama saa.

"Ndani kuna nini?"

"Gitaa."

"Fungua tuone."

Nikafungua. Kasha lenyewe ni la mbao iliyovikwa kitambaa cheusi, kifungio kimoja kimekufa zamani na mahali pake pamefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Askari akalitazama gitaa kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyomtaka, akapitisha kidole juu ya mojawapo ya yale matundu mawili yenye umbo la herufi f, akauliza, "Hili la zamani. Unauza?"

Nikamwambia hilo ndilo ninaloliendea Morogoro. Akacheka, akadhani namtania.

Gitaa ni la marehemu baba mkubwa. Kichwani limeandikwa Höfner. Si gitaa la boksi mnalolijua, wala si lile la ubao mtupu linalopigwa kwenye bendi siku hizi. Mwili wake ni mpana na wazi ndani, kifua kimebinuka kama cha fidla, na nyuzi zinapita juu ya daraja la mbao ambalo halikugandishwa mahali popote. Magitaa ya namna hii yalitokana na ufundi wa Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, aliyechukua ujuzi wa kuchonga fidla akauhamishia kwenye mandolini na magitaa. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa L-5, yenye matundu ya f. Bendi za jazi zilikuwa na tarumbeta na ngoma, mpiga gitaa alikuwa hasikiki, na gitaa hili lilikuwa na sauti kavu inayopenya. Umeme ulikuja baadaye.

Wajerumani nao wakayatengeneza. Karl Höfner alifungua karakana yake mwaka 1887 katika mji wa Schönbach, ambao leo uko Jamhuri ya Czech na unaitwa Luby. Baada ya vita kuu ya pili Wajerumani wa huko wakafukuzwa, familia ikaanza upya Bavaria na hatimaye ikajenga kiwanda Bubenreuth. Uingereza, magitaa yao yaliuzwa na Selmer ya London. Ndani ya gitaa la baba mkubwa, ukimulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la juu, utaona kibandiko kilichoshambuliwa na mende. Kimebaki na neno Selmer na nusu ya London. Basi kwa namna moja au nyingine lilipitia kwa mkoloni kabla halijafika kwetu.

Mnunuzi alikuwa amepatikana. Mgeni mmoja anayeishi Masaki, mtu mstaarabu, aliona picha yake kwa binamu yangu akaahidi milioni moja na laki mbili, mradi lisiwe limeguswa na fundi. Alitaka kulitundika sebuleni. Pia aliuliza mbao ya shingoni ni ya aina gani, maana aliogopa kuzuiwa forodhani siku ya kurudi kwao. Swali hilo si la kipuuzi. Tangu 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu ambao klarineti na obua za Ulaya huchongwa kwake, iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zikaachiwa, isipokuwa zenye mbao ya Dalbergia ya Brazil, ambayo imebanwa tangu 1992. Hebu fikiria: mti unakatwa Kilwa, unavuka bahari, unakuwa klarineti inayouzwa kwa bei ya pikipiki, na aliyeukata hajawahi kuisikia ikipulizwa. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Nyumbani tuligawanyika. Binamu zangu walitaka liuzwe, tena haraka, kabla mgeni hajabadili nia. Shangazi alisema cha marehemu hakiuzwi. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye mali kwa kila hali, alikuwa anasikiliza tu. Na juu ya yote kulikuwa na hadithi ya ukoo kwamba gitaa lile lilipata kupigwa na Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, yule nyota wa gitaa wa Morogoro Jazz. Kama ni kweli, milioni moja na laki mbili ni wizi. Kama si kweli, ni bei nzuri. Ilibidi mtu aende Morogoro kwa mzee mmoja aliyepiga rithim pamoja na baba mkubwa na ambaye sasa hutengeneza magitaa ya makanisa. Mimi ndiye niliyekuwa likizo.

Morogoro nilikuwa naijua kwa dirisha la basi tu: stendi ya Msamvu, karanga, miwa iliyomenywa, kisha safari ya Iringa inaendelea. Na SGR sikuwahi kuipanda, ingawa imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Moro tangu Juni 2024. Kwa basi, ukichanganya foleni ya Kibaha na ya Chalinze, nusu siku imekwenda. Treni inatumia chini ya saa mbili. Nilikuwa na wasiwasi wa mahali pa kuliweka gitaa. Juu halikuenea, chini ya kiti halikupita, nikalibana katikati ya magoti kuanzia stesheni mpaka mwisho. Mama aliyekaa karibu nami, mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya plastiki, alisogeza ndoo yake ili kasha lipate nafasi na hakuniuliza kitu.

Treni ikatoka juu ya daraja refu, mabati ya Dar yakapita chini yetu, Pugu ikaja na kupita. Ukizoea basi, kinachokushangaza si mwendo bali kukosekana kwa wauzaji. Hakuna korosho, hakuna maji, hakuna mtu anayekugongea kioo Chalinze. Soga, Ruvu, Ngerengere, majina yanaitwa kwenye spika na nyasi zinapita. Sikufurahia kama nilivyotarajia. Safari ya kimya hivyo inampa mtu nafasi ya kupiga hesabu, na hesabu yangu ilikuwa moja: paa la mama mkubwa linavuja, masika yako njiani, na fundi ametaja laki saba na nusu.

Mkonge ulipoanza kuonekana nikakumbuka baba mkubwa alikolipatia gitaa. Baba mkubwa alikuwa karani wa shamba la mkonge Kimamba, wilaya ya Kilosa. Mashamba mengi ya huko yalikuwa ya Wagiriki. Lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967 na mashamba makubwa ya mkonge kuanza kutaifishwa, wengi wao walifunga virago, na vitu visivyoingia kwenye sanduku vikauzwa bei ya kutupa. Bwana mmoja aliuza jokofu, meza ya biliadi na gitaa. Baba mkubwa hakuwa na uwezo wa jokofu.

Kwa mwanamuziki wa wakati ule, kuwa na gitaa lako ilikuwa jambo la ajabu, na nadhani sisi tunaosikiliza zilipendwa redioni hatulijui hilo vya kutosha. Bendi za jazi zilikuwa ama vyama vya wanachama, ama mali ya ofisi. Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz zilianza kama vyama: watu wanachanga, wananunua vyombo, vyombo vinakuwa vya chama. Baada ya uhuru wakaja waajiri wapya. NUTA, jumuiya ya wafanyakazi, ikaanzisha bendi yake mwaka 1964, ile ambayo kizazi chake leo ni Msondo Ngoma. Polisi wakawa na yao, jeshi likawa na yake. Mpigaji alilipwa mshahara, akapewa sare, na baada ya dansi aliacha gitaa stoo likafungiwa kwa kufuli. Akihama bendi alihama na vidole vyake tu. Ndiyo maana wakati bendi zinagawanyika ugomvi ulikuwa wa vyombo kwanza, nyimbo baadaye. Baba mkubwa hakuwa bingwa, lakini alialikwa kwenye bendi nyingi kwa sababu moja isiyo ya kimuziki: alikuja na gitaa lake.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, mbali kidogo na mji. Nje, madereva wa bajaji waliliona kasha na bei ikapanda kabla sijafungua mdomo. Tulielewana. Njiani kuelekea Mwembesongo, kwa yule mzee, milima ya Uluguru ilikuwa mbele yetu wakati wote, kilele kimefunikwa na mawingu, na dereva akaniambia bila kuulizwa kwamba mawingu yakiwa hivyo jioni kutanyesha. Kijana wa miaka ishirini hivi. Nilimuuliza kama anamjua Salum Abdallah. Akasema ana rafiki anaitwa hivyo, fundi simu.

Mji huu ulikuwa na bendi mbili zilizogawana mashabiki kama Simba na Yanga. Morogoro Jazz ilianza 1944. Upande wa pili alikuwa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mtu aliyependa muziki wa Kikuba wa kwenye santuri mpaka akaupa Kiswahili. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akashika usukani. Morogoro Jazz wakampata Mbaraka, na mwaka 1970 bendi ikaenda kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 naye ajali ikamchukua, Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Sikuona popote nilipopita kibao kinachosema lolote kati ya haya.

Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye stuli, anakaza nyuzi za gitaa jekundu la kwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ndiye huyu?"

Hakuwa ananisema mimi. Alikuwa ameshalitambua kasha.

Kabla ya chai, kabla ya kuuliza habari za nyumbani, alilifungua, akainama, akanusa. Kisha akaniita nami ninuse. Harufu ilikuwa kali, ya uchachu. Akaonyesha kile kibao cha plastiki kinachokinga kifua kisikwaruzwe. Zamani vilitengenezwa kwa seluloidi, na seluloidi ikizeeka ndani ya kasha lililofungwa, hasa kwenye joto la pwani, huoza na kutoa hewa yenye asidi. Pembeni kibao kilikuwa kimeanza kupasuka vipande vidogovidogo, na chuma kinachoshika nyuzi kimeota kutu ya kijani upande huohuo tu, upande mwingine kinang'aa. Alifungua skrubu zake mbili, akakifunga kibao kwenye gazeti na kukiweka mbali, juu ya ukuta. "Huyu ndiye mchawi wenu," alisema. "Mngeliweka juu ya kabati miaka mingine kumi, mngekuta nyuzi zimekatika zenyewe."

Niligundua hapo kwamba lile kundi la "tusiuze" na lile la "tuuze" yote yalikuwa yanazungumzia kitu kinachokaa. Kumbe hakikai.

Akaendelea. Kwenye ukingo wa tundu la f akaweka kioo kidogo cha kunyolea, akanionyesha mistari myembamba ya mbao iliyopandana: kifua hiki hakikuchongwa kutoka gogo moja, ni tabaka zilizogandishwa na kukandamizwa kwenye kalibu. Magitaa ya juu huchongwa. Kwa hiyo hili lilikuwa la kati, la mtu wa kawaida wa Ulaya. Huko magitaa ya Höfner ya enzi hiyo huuzwa kwa mamia kadhaa ya pauni, yale makubwa yakivuka elfu. Hatukuwa tumekalia dhahabu. Chini, ubavuni, kiungo kimefunguka kiasi cha kupitisha karatasi, naye hakushtuka: gundi ya zamani ni ya ngozi za wanyama, inalegea kwa joto na unyevu, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kupashwa moto na kugandishwa tena. Anachoogopa ni mtu aliyeziba kwa supagluu.

Nyuzi alizibadili mmoja mmoja. Nilipotaka kumsaidia kwa kuzitoa zote, akanishika mkono. Daraja la gitaa hili linasimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu, ukizitoa zote linaanguka na mahali pake panapotea. Alipomaliza akagusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuukandamiza, ukatoa mlio mwembamba wa juu, kisha akaukandamiza hapohapo na kuupiga tena. Milio miwili ilitofautiana kidogo. Akalisukuma daraja kwa kidole gumba, kiasi cha unene wa kucha. Akajaribu tena. Sasa ilikuwa mlio mmoja.

Kisha akaligeuza, akaangalia kisigino, pale shingo inapoingia mwilini, na kucheka kwa sauti mpaka mke wake akatoka jikoni. Chini ya rangi nyeusi iliyopakwa kwa mkono kulikuwa na kichwa cha skrubu. Skrubu ya mlango!

"Hii tuliitia Kimamba," alisema. "Siku ya dansi, shingo ikanyanyuka, nyuzi ziko juu huwezi kukandamiza. Seremala wa shamba akatoboa, akakaza. Saa mbili usiku tukapiga. Haijalegea mpaka leo."

Nikamuuliza kuhusu Mbaraka. Akanyamaza, nafikiri akipima atanivunja moyo kiasi gani. Kisha akasema hapana. Baba yako mkubwa alikuwa mpigaji mzuri wa rithim wa vilabu vya mkonge, na miaka ile Morogoro kila mtu alisimama karibu na jukwaa la Mbaraka, lakini gitaa hili halikupanda huko. Tena bendi kubwa zilipoleta amplifaya za nguvu, magitaa yaliyo wazi ndani yalianza kuwa kero: spika ikivuma, kifua kinatetemeka, pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, inaokota mtetemo na gitaa linapiga mluzi lenyewe. Bendi zikahamia kwenye magitaa ya ubao. La baba mkubwa likarudi kwenye kasha.

Basi mnunuzi wa Masaki alikuwa ameshaondoka, ingawa mwenyewe alikuwa hajui. Alitaka gitaa lisiloguswa na fundi, na hili lilikuwa na skrubu ya mlango shingoni. Ningeweza kunyamaza, rangi nyeusi ilificha vizuri. Nilimpigia simu nikiwa palepale uani, nikamweleza. Alishukuru na kusema angetoa laki tano, kwa ajili ya pambo.

Mzee alinisikia. Akamtuma mjukuu wake amwite kijana mmoja wa Mji Mpya, mwanafunzi wake, anayepiga baa Ijumaa na Jumamosi na kanisani Jumapili asubuhi, usingizi anajua mwenyewe anaupata saa ngapi. Kijana alilishika gitaa, akakaa, akapiga mzunguko mmoja wa rithim ya zamani bila umeme, taratibu, kisha akabana nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia ili zikauke. Ua ulikuwa mdogo na sauti ilitosha. Alikuwa na laki sita mfukoni, akaahidi laki tatu mwisho wa mwezi.

Nikampigia mama mkubwa. Nilimsimulia yote: plastiki inayooza, skrubu, Mbaraka, laki tano za Masaki, laki tisa za huyu kwa mafungu mawili. Nilimwambia pia kwamba akitaka libaki, mzee atalitengeneza na nitarudi nalo treni ya jioni.

"Likirudi hapa nani atalipiga?" aliuliza.

Nikasema hakuna.

"Huyo kijana analipiga?"

"Analipiga, mama. Anataka kuliwekea uzi mnene zaidi."

"Mpe. Lakini muulize kasha kama analihitaji, mimi nitawekea vitenge."

Kijana alikuwa na mfuko wake wa mgongoni. Nilirudi Dar na kasha tupu, na safari hii askari wa Kihonda hakutaka nilifungue. Shangazi bado hajaridhika, na sina hoja ya kumpa zaidi ya hii: kama kuna ala ya marehemu juu ya kabati lenu, kabla hamjagombana itoeni, mlegeze nyuzi kidogo, mnuse ndani ya kasha, kisha mtafuteni mtu wa kuipiga. Atakayenunua na atakayerithi wote watawauliza kama bado inalia.

Fundi wa paa alianza kazi wiki iliyofuata. Laki tatu zilizobaki zilimfikia mama mkubwa kwa simu mwisho wa mwezi, pamoja na ya kutolea.